Ndege ya Mzee Kimaiyo Ilipata Upele

Nabet na wewe sahani ya chapo madondo, chapati na maharagwe, avokado juu, hii hutaamini. Kuna watu wa Free Area walikuwa hapo hapo, wakaona na macho yao, na mpaka leo wanasema ni uongo. Lakini weka hiyo sahani mezani, usiguse, tuanze.

Ukiingia Free Area ya Nakuru kutoka barabara ya Nairobi, kabla ufike penye wanauza makaa, kuna yadi ya magari na mabati kuukuu. Hapo ndio Sitati hupaka magari rangi. Babu yake alitoka Bungoma akakuja Nakuru kufanya kazi ya reli, mzee mnyamavu sana, mikono kama koleo. Sitati alirithi mikono. Mdomo hakuna mtu anajua alirithi wapi. Aliacha shule darasa la saba, na akikueleza hiyo story utadhani ni shule ilimwacha ikajuta.

"Mimi gari nikipaka," husema, "mwenye gari hupita akiitafuta."

"Juu umeibadilisha ikakuwa gari ingine," Wanyoike humjibu. Wanyoike ni makanika wa hapo hapo, saa zote utaona miguu yake tu zikitokeza chini ya Probox.

Sasa, kazi ya Sitati ni magari, lakini roho yake iko kwa ndege za vita. Ndogo, kutoka kiganja mpaka kiwiko hivi. Mwili anachonga na paipu ya maji. Mabawa anakata kwa ndoo za maua, zile dadake Mercyline humtumia kutoka shamba za maua huko Karagita zikipasuka. Ngozi ya juu ni mikebe ya soda, amekata na makasi akalainisha na mgongo wa kijiko. Kioo cha rubani ni chupa ya soda, anaipasha moto mpaka inalegea, anaivuta juu ya kipande cha mti amechonga, ikipoa ni kioo. Akimaliza anaweka Facebook, anaandika hapo chini, "Nani mwingine Rift Valley?" Hakuna mtu amewahi kujibu.

Jumatatu moja asubuhi akakuja mwanamke na katoni ya mafuta ya kupika, ameibeba kama mtoto mgonjwa.

"Wewe ndio fundi wa ndege?"

"Madam, kuna mafundi wa ndege, halafu kuna Sitati."

Huyo mama hakucheka. Anaitwa Jepchumba, mwalimu wa nursery huko Kiamunyi. Akafungua katoni, akatoa sweta, na ndani ya sweta kulikuwa na ndege ya jeshi, ya kijivu, imechakaa rangi. Bawa moja lilikuwa limening'inia. Mguu wa mbele umekatika.

"Ni ya baba," akasema. "Nilikuwa napanguza vumbi ikaanguka."

Akaeleza, na alikuwa anaeleza akiangalia geti, kama baba yake atatokea hapo. Babake ni Mzee Kimaiyo. Alikuwa fundi kwa jeshi la anga miaka ishirini na mbili. Hiyo ndege aliiunda mwenyewe zamani, vipande vilikuwa kwa boksi, rafiki yake Micah alimletea kutoka ng'ambo kabla akufe. Sasa mzee haoni. Jicho la kushoto lilienda kabisa, la kulia likafuata, huu ni mwaka wa nne. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaishika hiyo ndege. Anaipitisha vidole kutoka pua mpaka mkia, anaitikisa kwa sikio, ndio anaanza siku.

"Leo wamemlaza hospitali wamfanyie jicho la kulia," Jepchumba akasema. "Anarudi Jumamosi. Bandeji itatoka Jumatatu yenye inafuata, na amesema kitu ya kwanza anataka kuona ni hii ndege. Si mimi, ni ndege. Tafadhali fundi, igundishe, uipake rangi vile ilikuwa. Usibadilishe kitu. Asijue ilianguka."

"Na akijua?"

"Nikiwa form two nilivunja kikombe yake ya jeshi. Alikaa siku tisa bila kuniongelesha." Akaangalia ndege. "Hiyo ilikuwa kikombe."

Miguu ya Wanyoike ikatingika chini ya Probox. Halafu kichwa ikatoka, imejaa oili.

"Kimaiyo wa Kiamunyi? Mwenye ako na fimbo? Si huyo ndio alishika mwizi wa kuku mchana, akamlaza chini, halafu akamfanya afagie boma yote kabla polisi wakuje? Na alikuwa kipofu!"

"Ndiye huyo," Jepchumba akasema.

Sitati alitaka kumrudishia katoni. Lakini mdomo ni mdomo. "Madam, enda nyumbani ulale. Mimi kwa mambo ya rangi sijawahi kosea."

Jumanne ndio siku yenyewe.

Kwanza alifanya kazi kama mtu wa maana. Akapima ndege na rula kila upande, akaandika kwa ukuta na chaki. Akapiga picha kumi na tisa, karibu kabisa, juu alijua hiyo ni ya kuringia Facebook. Akagundisha bawa. Ikabaki rangi. Na fundi wa gari, hata umwamshe usingizini, atakwambia rangi mpya haikai juu ya rangi mzee. Lazima uitoe kwanza. Unachukua kitambaa, unakilowesha thinner, unakilaza hapo juu, unaenda kula. Ukirudi rangi imelegea, unapanguza mara moja. Sitati amefanya hivyo kwa milango, kwa bonet, kwa pikipiki ya chifu. Miaka kumi na sita na hakuna gari imewahi lalamika.

Akafunika ndege. Akaenda kula githeri.

Akarudi akivuta kitambaa, na kitambaa ikakuja na ndege. Yaani ilikuwa imeshika kama chingamu. Akavuta polepole, ndege ikarefuka. Pua ilikuwa imelala kama ndizi ya wiki mbili. Mkia uliingia ndani. Bawa alilogundisha asubuhi, hilo lilikuwa sawa. Lilikuwa limeshika gundi vizuri, lakini kitu lilikuwa limeshikilia haikuwepo tena.

Halafu kwa hiyo uji ya pua ikadondoka kitu ndogo. *Tik.* Nati ya chuma, saizi ya mbegu ya mahindi. Ikabingirika mpaka kwa kiatu yake.

Sitati alikaa chini, akaiokota.

Wanyoike akakuja, akaangalia, akavua kofia.

"Pole kwa msiba," akasema.

"Wanyoike usianze."

"Hapana, buda, niko serious. Mazishi ni lini? Tujue kama ni yako ama ni ya ndege."

"Sikujua ni plastiki ya hiyo aina! Zangu haziskii thinner!"

"Zako ni ndoo na mikebe. Hii ni plastiki laini. Hiyo na thinner ni kama barafu na jua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hujawahi kosea. Nani mimi?"

Simu ikalia. Jepchumba. Sitati akaiangalia ikilia mpaka ikakata, ikalia tena. Akashika.

"Inaendelea aje, fundi?"

"Inaendelea," akasema. Na hakudanganya, juu ilikuwa bado inaendelea kuyeyuka.

Hiyo usiku hakulala, lakini ya usiku tuachane nayo. Jumatano asubuhi alifika yadi na begi. Alikuwa ameweka shati mbili, chaja, na picha ya mamake. Akamwambia Wanyoike anaenda Bungoma, mama ni mgonjwa.

"Mamako nilimwona kwa status jana akicheza kwa harusi."

"Ameshikwa ghafla."

Na saa hiyo hiyo, na hapa ndio utaanza kuniambia sahani ni yako, ndege ya jeshi ya ukweli ikapita juu ya Free Area. Chini kabisa. Mabati yakatetemeka, mbwa wakaingia kwa mitaro, na Sitati, na begi yake mgongoni, akaruka chini ya Probox juu ya Wanyoike.

"Amenitumia ndege," akanong'ona. "Wanyoike, mzee amenitumia ndege."

"Toka kwa tumbo yangu."

"Wanajua. Huko juu wanajua."

"Sitati. Mzee ako hospitali amefungwa jicho. Hawezi tuma hata boda." Wanyoike akajipanguza. "Sikia. Ukikimbia, huyo mama atabaki peke yake na huyo mzee. Na uko na picha kumi na tisa. Na umepima. Si wewe ndio kila siku unauliza nani mwingine Rift Valley? Unda ingine."

Sitati akalala hapo chini kama dakika tano, akiangalia sampu ya Probox, pale oili hukaa. Halafu akatoka, akaweka begi kando, lakini hakuifungua. Alitaka begi ikae karibu.

Siku tatu. Wenye walimwona wanasema hawajawahi ona mtu akifanya kazi akiogopa hivyo na mkono usikosee. Akichonga paipu, anasimama, anaangalia geti. Pikipiki ikipita anaficha ndege chini ya aproni. Kila saa anasoma zile namba za chaki, anapima, anapima tena. Mabawa yakatoka sawa kama kioo na picha yake. Miguu ya chini akatengeneza na spoku za baiskeli, magurudumu akakata kwa ndara. Kioo cha rubani alirudia mara sita, chupa sita, kabla kikubali bila kiputo. Ndani akaweka kiti na mshipi wa kiti kutoka kwa mkanda wa saa. Rangi akachanganya mpaka ukiweka tone kando ya picha huwezi sema gani ni gani. Hapo kwa rangi mimi simtanii, huyo mtu ni hatari.

Lakini kwa picha aliona vidoti. Vidogo vidogo, vimejipanga mistari kwa mwili wote.

"Ribiti," akasema.

"Hiyo ni kama imechorwa na penseli," Wanyoike akasema.

"Buda, nimepaka bodi za lori za Canter ngapi? Bati ikishikwa na bati lazima ribiti itokeze kichwa. Bila hiyo ndege inaachana hewani, rubani abaki ameshika usukani peke yake."

Akachukua biro imekufa wino, akageuza ngozi ya mikebe, akabonyeza kutoka ndani, moja moja, ili kichwa kitokeze nje. Ribiti elfu moja mia moja na arobaini. Alihesabu, juu kuhesabu kulimsaidia asifikirie ile fimbo.

Ikabaki ile nati. Alikuwa ameelewa kazi yake: ndege ndogo bila uzito kwa pua hukalia mkia kama mbwa. Akataka kuigundisha ndani. Halafu akakumbuka, mzee huitikisa kwa sikio. Akaikatia kachumba kadogo na kifuniko cha biro, akaiweka ndani ikiwa imelegea, akafunga pua. Akatikisa. *Tik.*

"Hiyo sauti ndiyo yenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akapata hamu ya kula.

Ijumaa jioni Jepchumba akapiga. "Imekuwa fiti?"

"Hata wewe hutajua ilianguka." Hiyo nayo hakudanganya.

"Kesho tunafika saa nane. Niliacha ufunguo kwa jirani. Ikuje saa saba, uiweke kwa meza ya verandani."

Saa saba na robo Jumamosi Sitati alikuwa nyuma ya boda, katoni kwa mapaja, ameikumbatia na mikono mbili. Kila tuta anamwambia mwenye boda, "Boss, polepole, nimebeba mayai." Wakafika Kiamunyi, wakaingia geti ya bluu, na moyo wake ukaanguka mpaka kwa soksi.

Walikuwa wamefika mapema. Mzee Kimaiyo alikuwa ameketi verandani.

Mrefu hata akiwa ameketi. Shati imefungwa mpaka kifungo cha mwisho, viatu vimepigwa rangi, bandeji nyeupe kwa jicho la kulia. Na fimbo, imeegemea kiti, karibu na mkono.

"Nani huyo?" mzee akauliza. "Anatembea kama mtu ameficha kitu."

Jepchumba alitoka mbio, uso umekauka. "Ni fundi, Baba. Fundi wa mabomba. Amekuja kuangalia ile bomba ya jikoni."

"Bomba ya jikoni iko na nini?"

"Inalia, mzee," Sitati akasema, na sauti yake ndio ilikuwa inalia.

Jepchumba akachukua katoni, akageuka, akaweka ndege kwa meza bila kuiangalia. Mkono wake uligonga glasi. Mzee akasikia.

"Hiyo ni ndege? Nipe. Siku tano sijaishika."

Akapewa. Akaiweka kwa sikio, akaitikisa. *Tik.* Uso wake wote ukafunguka. Akacheka kidogo, kama mtu amesalimiwa na mwenye anampenda.

"Micah," akasema. "Bado uko."

Halafu akaanza na vidole. Akaanzia pua, polepole. Akapita kwa kioo, akatikisa kichwa kwamba sawa. Akashuka kwa mwili.

Vidole vikasimama.

Akarudi nyuma. Akapita tena.

"Ndege imepata upele," akasema.

Mwenye boda alikuwa bado kwa geti, injini inanguruma. Sitati akapima na macho: hatua kumi na mbili. Alikuwa anaweza fika na saba.

Mzee akaitikisa tena. *Tik.* "Hii nati ni yangu. Niliiweka mimi, ikalegea, nimeisikia zaidi ya miaka thelathini. Hakuna nati ingine inalia hivi. Kwa hivyo ndege ni yangu." Akapanguza vidole kwa suruali, akavipima kwa shavu, akarudi kwa ndege. "Lakini hizi ribiti nilizitoa. Zilikuja kwa boksi zikiwa zimetokeza. Nikazipiga msasa wiki mbili, nikaziweka na penseli tu. Ndege ya vita ya ukweli ni laini kama yai. Ribiti ikitokeza, upepo unaishika. Nilipitisha huu mkono kwa ngozi ya ndege miaka ishirini na mbili. Ningejua usingizini."

Akaweka ndege kwa mapaja. Sauti yake kubwa ikawa ndogo.

"Jepchumba."

"Baba."

"Vidole zangu zimekufa."

"Hapana, Baba, si..."

"Zinashika kitu hakiko. Labda ni ile dawa walinidunga. Ama ni uzee." Akaificha mikono, mmoja chini ya mwingine. "Daktari alisema hili jicho ni nusu kwa nusu. Nikamwambia haina shida, likikataa niko na mikono. Sasa..."

Sitati ameogopa vitu vingi. Ameogopa mbwa, polisi, mwenye nyumba. Hiyo wiki yote alikuwa ameogopa fimbo. Lakini kuona mtu mkubwa hivyo akiogopa mikono yake mwenyewe, hiyo ilimpiga mahali fimbo haifiki.

Akaangalia Jepchumba. Jepchumba, machozi yamejaa, akatingisha kichwa: nyamaza. Akaangalia geti. Boda bado iko.

"Mzee," akasema. "Vidole ziko sawa."

"Fundi wa mabomba anajua nini na vidole vyangu?"

"Mimi si wa mabomba. Hizo ribiti ziko. Ziko elfu moja mia moja na arobaini, niliziweka mimi. Nati ni yako, lakini ndege si yako. Vidole zako ziko sawa kuliko macho yangu."

Jepchumba akashika mdomo.

Mzee akarudisha kidole kwa ndege, kimoja tu, akakipitisha juu ya ribiti moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anahesabu watoto wake wamerudi nyumbani. Halafu mkono wa kulia ukatoka, ukaenda polepole mpaka kwa fimbo, ukaishika.

"Na ndege yangu iko wapi?"

"Iliisha. Jumanne."

"Iliisha aje?"

Huko kwa geti, boda ikaondoka. Sitati akaisikia ikienda, ikienda, mpaka ikaisha.

"Niliiweka thinner ya gari," akasema. "Hapo nilikosea."